Pole Mbili

Elinami hakuwa anapekua. Hilo aliapa baadaye mbele za watu, na katika maneno mengi aliyoyasema wiki ile, hilo peke yake lilikuwa kweli tupu. Alikuwa anatafuta sweta la shule la Anande, binti yake, maana Moshono iliamkia ukungu na mtoto alikuwa amesimama mlangoni anasugua mikono. Sweta halikuwa kwenye kamba wala kwenye beseni la nguo chafu. Akafungua kabati upande wa mkewe, chini kabisa kunakokaa vitenge vya harusi yao, akaingiza mkono. Vidole vikagusa kitu kirefu, kigumu, kimeviringishwa kwenye kitenge kipya ambacho hakuwahi kukiona.

Anande alikwenda shule bila sweta. Baba mtu alikuwa amekaa kitandani, mlango ameurudishia.

Ndani ya kile kitenge mlikuwa na fimbo mbili za kupandia mlima. Watu wa mlimani, tangu mpagazi hadi mwongozaji mkuu, huziita pole. Neno lenyewe ni la Kizungu, ila wapagazi wa zamani walilisoma kwenye boksi kwa Kiswahili chao, likaganda hivyo hivyo, na utani wake haujawahi kuchakaa: mgeni akichoka mpe pole, na akizivunja mpe pole nyingine ya mdomo. Elinami alikuwa ameongoza wageni Mlima Meru kwa miaka, akawapimia pole Wajerumani, Waholanzi na vijana wa mjini wanaopanda kwa ajili ya picha. Alizijua. Na hizi, alipozishika tu, alijua si za kukodisha. Zilikuwa za kaboni, zote mbili kwa pamoja hazifikii uzito wa mwiko wa ugali. Mipini ilikuwa ya gome laini linalokunywa jasho. Kufuli zake zilikuwa za klipu, unafungua kwa kidole gumba, siyo zile za kuzungusha.

Moyo haukumuuma bado. Nice, mkewe, naye ni mwongozaji siku hizi, na mwanamke wa kazi anaweza kujinunulia kitu kizuri akakificha kukwepa maneno ya mume. Akazivuta zikarefuka. Ndipo akauona mstari mwekundu.

Ujanja wa mstari ule alimfundisha yeye mwenyewe. Ukishampima mgeni, kiwiko kikakaa sawa, unachora alama ya rangi ya kucha pale pole ilipoishia kuvutwa, ili kesho yake getini, baridi imeshika vidole, usianze kupima upya. Rangi ilikuwa ya Nice, ile nyekundu aliyopaka Krismasi. Lakini kimo hakikuwa cha Nice. Nice ni mfupi, kwenye picha ya harusi wamemsimamisha juu ya tofali. Mstari ulikuwa kwenye sentimita mia na thelathini, na hapo husimama mwanamume, tena mrefu.

Mrefu aliyemjia kichwani alikuwa mmoja tu. Abdiel, mwongozaji mkuu, ambaye saa ile ile alikuwa huko juu mlimani na Nice pamoja na kundi la Waholanzi. Zamani Elinami na Abdiel walifanya kazi pamoja, urefu mmoja, mabega mamoja, mpaka wageni wakawa wanauliza kama ni mapacha. Sasa pacha mmoja alikuwa mlimani na mke wa mwenzake, na mwenzake alikuwa kitandani na pole mkononi.

Mtu mwingine hapo angejiuliza swali dogo tu: kama zawadi ni ya Abdiel, na Abdiel anakwea mlima leo, mbona zawadi imelala kabatini? Lakini wivu hauulizi swali litakaloumaliza. Elinami alivirudisha vitu vyote kama vilivyokuwa, akajaribu kufungua chupa ya chai, mkono wa kulia ukakataa kuzunguka kama kawaida yake, akaiacha chai humo humo.

Mkono ule na goti la kulia aliviharibia Rhino Point, huko huko juu Meru, siku ya mvua, alipoteleza kwenye jabali akishusha wageni. Goti halikupona vizuri na kifundo cha mkono kiliunga kombo. Wakati ule watu walimiminika nyumbani kumpa pole. Kuku walikuja, maziwa mgando yalikuja, sukari ilikuja, na kila aliyempa pole akajibiwa asante, mpaka neno lenyewe likamchosha Elinami. Daktari alimwambia atembelee fimbo, na kama anapenda njia za vilima, basi mbili. Elinami akamjibu, Nice amesimama pale pale na picha za eksirei mkononi, kwamba siku watakayomwona na fimbo mbili waandae na sanda. Miaka yote alipanda mikono mitupu. Pole ni za wageni, alisema, mtoto wa Kimeru hashikwi mkono na mlima wake.

Basi Nice akaingia kazini, kwanza jikoni kwa mpishi, kisha akasoma, akapata leseni. Elinami akabaki kuosha vyombo kwa mkono mmoja. Thomasi fundi viatu, ambaye kibanda chake kinatazama mlango wao, alianza kumsalimia "Mama Anande hajambo?" akimaanisha yeye. Ulikuwa utani, na Elinami alicheka nao. Vocha ya simu aliomba kwa mkewe. Hata hilo alilicheka. Ila vicheko vya namna hiyo haviyeyuki tumboni, vinakaa huko vinangoja mwenzao.

* * *

Kesho yake alizitia pole kwenye mfuko wa salfeti, akashuka mjini kwenye duka la Krunal, mtaa wa nyuma ya soko. Krunal anauza vifaa vya mlimani kama babake alivyouza turubai na kamba, na Kiswahili chake ni cha mtu aliyezaliwa hapo hapo ghorofani juu ya duka. Elinami hakuwahi kuwa mteja wake. Enzi zake vifaa vilitoka kampuni. Alipozitoa tu zile pole, Krunal akatabasamu.

Alizikumbuka, akasema, na angezisahau vipi. Alikuja dada mmoja mfupi, ana mwanya, akamkalisha tangu anafungua duka mpaka wenzake wanakwenda kula. Kila pole ya dukani aliishika. Zile za alumini akazikataa, akasema nzito, mtu akitembea nazo mchana kutwa mabega yatalalamika. Za mpini wa mpira akazikataa, mpira unachubua kiganja. Akatembea nazo mlangoni hadi kaunta, kaunta hadi mlangoni, akazigonga sakafuni asikie kama zinatikisika. Krunal akamshauri achukue za kuzungusha, zina unafuu wa bei. Dada akakataa katakata.

"Akaniambia mwenyewe hataweza kuhangaika na kuzungusha," Krunal alisema. "Nikajua huyu mtu anapendwa."

Elinami aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya viberiti, kama huyo dada alikuja peke yake.

"Mwanzo peke yake. Baadaye akampigia simu mume wake, akaja kupimwa. Alisimama pale penye kioo, akakunja kiwiko, dada akachora alama kwa rangi ya kucha. Walicheka sana. Mume mrefu, kama wewe tu."

Kama wewe tu. Maneno yalipita masikioni mwa Elinami bila hodi, yakatokea upande wa pili. Lililobaki ndani lilikuwa moja: mume. Alisimama pale katikati ya mabuti na mahema, akamwona Nice anacheka, na mwanya wake, na Abdiel amekunja kiwiko. Mwanamke anayehesabu nyanya sokoni Kwa Mrombo alikaa nusu siku akimchagulia mwanamume mwingine mpini usiomchubua kiganja. Yeye viganja vyake nani aliviuliza?

Krunal akahisi jambo. Akauliza kama pole zina kasoro, na kwani yeye ni nani wa yule dada.

Elinami alifungua mdomo. Angesema mume, na muuza duka angemtazama, akalitazama lile goti, akaelewa yote, na jioni angesimulia juu ghorofani.

"Kaka yake," akasema.

Alitoka dukani amejivua ndoa yake kwa neno moja, na hilo nalo akaliandika kwenye deni la Nice.

* * *

Nice alishuka mlimani Jumamosi, pua imebabuka kwa jua, midomo mikavu, biskuti za wageni zimebaki mfukoni kwa ajili ya watoto. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani akavua viatu na kusimulia. Waholanzi wote walifika kileleni. Mmoja alitapika, mmoja alilia. Abdiel aliimba njia nzima, akasema sauti ya Nice kwenye kiitikio ni ya kwaya ya kuku.

Alicheka. Elinami akakitazama kile kicheko chake, akakitambua: ndicho cha dukani.

Akauliza Abdiel anaendeleaje. Mzima. Akauliza magoti yake. Mazima pia, kwa nini? Akamenya ndizi polepole, akiwa ameinamisha uso, akauliza lile alilokuwa akilizunguka.

"Siku hizi anatembelea pole?"

Nice aliacha kusugua mguu. Akamtazama mumewe haraka, halafu akatazama chini, na pembeni mwa mdomo kikamponyoka kitabasamu ambacho alikimeza. Alikiona Elinami. Hata angekuwa kipofu angekiona.

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu."

"Baba Anande," Nice akasema, "kesho tukitoka ibadani usiende popote. Nina neno nataka kukuambia. Watoto nao wawepo."

Jamani, mtu mwenye amani moyoni angelala akingoja neno jema. Elinami hakulala. Mke anayewaita watoto wawepo, alijiambia, ni mke anayeaga. Alijigeuza upande wa ukutani, akasikiliza pumzi za mwanamke aliyechoka, akaamua kwamba hilo neno halitamkuta amekaa kitako akilisubiri. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwake kilikuwa kwenye nguo za harusi kabisa.

* * *

Asubuhi alisema goti limekaza, wamwombee huko huko. Nice akawavalisha watoto, akamtazama kidogo zaidi ya kawaida, wakaenda. Walipopinda kona Elinami akachukua zile pole, kitenge akakitupa kitandani, akapanda bodaboda hadi Kikwe.

Abdiel na familia yake husali ibada ya kwanza, kwa hiyo walikuwa wamerudi. Uani, Irine, mke wa Abdiel, alikuwa anachagua maharage kwenye ungo pamoja na mama mkwe wake na akina mama wawili wa jumuiya waliopita kunywa chai. Irine na Nice wamesimamiana ubatizo wa watoto. Alipomwona Elinami akainuka kumletea kigoda, anafuta mikono kwenye kanga.

"Karibu shemeji. Mbona peke yako?"

Elinami alimwamkia mama yake Abdiel shikamoo, akaitikiwa marahaba baba, karibu ukae. Hakukaa. Tangu Moshono alikuwa amepanga maneno, na sasa yalitoka kama yalivyopangwa, kwa sauti ya kutosha hata jirani wa pili.

"Nimemletea mwenye nyumba mali yake. Ilikuwa kabatini kwa mke wangu, chini ya vitenge vyetu vya harusi. Sikuwa napekua, Mungu ni shahidi, nilikuwa natafuta sweta la mtoto. Nikaona si vizuri ahangaike kuifuata kwangu, ingawa kwangu anapafahamu vizuri."

Mikono ya Irine ikasimama juu ya ungo. Mmoja wa wale akina mama aliweka kikombe chini taratibu, kisigonge kisosi. Abdiel alitoka ndani na shati la ibadani halijafungwa vifungo vyote, akatazama pole, akamtazama Elinami, na mwanzoni, maskini, akatabasamu.

"Umeshapewa?" akauliza.

"Usinifanye mtoto. Huu mstari ni rangi ya kucha ya mke wangu. Na hiki kimo ni chako. Kanusha mbele ya mama yako."

Tabasamu likaondoka usoni mwa Abdiel. Alikuwa mtu wa maneno mengi mlimani na machache nyumbani.

"Ni kimo changu," akasema. "Nilipimwa mimi."

Irine akamgeukia mumewe. Elinami akahisi ushindi, na ushindi wenyewe ulikuwa mchungu kama shubiri, lakini alikuwa ameshaushika na hakuweza kuutema. Abdiel akashuka ngazi, akazichukua pole mkononi mwa Elinami, akazivuta hadi kwenye mstari, akafunga klipu kwa kidole gumba. Akazirudisha.

"Simama vizuri. Ncha chini, pembeni ya vidole vya mguu. Kunja kiwiko."

Ni maneno ambayo Elinami mwenyewe aliwaambia wageni miaka na miaka, kila asubuhi getini, na mwili wake uliyatii kabla kichwa hakijakataa. Ncha zikashika udongo wa ua. Kiwiko kikakunjika. Mkono ukalala sawa kabisa kama ubao wa meza, bega halikupanda, kiganja kikakaa kwenye lile gome laini bila kulazimishwa. Aliwahi kumpima kila mtu. Yeye mwenyewe hakuwahi kujipima.

"Sasa hicho kimo cha nani?" Abdiel aliuliza.

Basi akasimulia mwenyewe, kwa sauti ya chini, akimtazama zaidi Irine kuliko Elinami. Kampuni inatafuta mwongozaji wa matembezi ya msituni, huku chini kwenye nyati na ndege, hakuna kupanda kilele, na mtu anayejua kila mti kuliko Elinami hayupo. Nice ndiye aliyemwombea. Akasema mumewe hatakubali kwenda akichechemea mbele ya wageni, na pole hatanunua, aliapa mambo ya sanda. Kumpima usingizini hawezi. Akakumbuka ule utani wa mapacha, akamwomba Abdiel asimame badala yake. Klipu aliitaka kwa sababu ya ule mkono usiozunguka. Kazi ilikuwa ianze Jumatano.

Elinami alibaki amekunja kiwiko, hajui akishushe vipi.

"Mlikwenda dukani lini?" Irine akauliza. Aliuliza kwa upole.

"Jumanne ile."

"Jumanne uliyoniambia unakwenda kulipia bima ya gari."

"Nililipia. Alipiga simu niko mjini, nikapita."

"Hukusema ulipita."

"Ilikuwa siri ya watu, Irine. Ningesema nini?"

Irine alirudi kwenye ungo wake, mikono ikaanza tena, lakini alikuwa anatupa maharage mazima na kubakisha yaliyotobolewa, na wale akina mama wa jumuiya waliliona hilo na kutazamana. Mama yake Abdiel ndiye aliyetafuta neno. Akamuuliza Elinami kama amekunywa chai. Hakuna tusi ambalo lingemuumiza kama ile chai. Akashukuru, akasema anawahi.

* * *

Bodaboda ilimshusha kwenye lami kwa sababu mfukoni hamkuwa na nauli ya kumfikisha mlangoni. Kutoka pale hadi nyumbani Moshono ni mteremko wa mawe na baadaye kilima, na goti, ambalo asubuhi alilisingizia, sasa lilikuwa limekaza kweli. Alitembea mikono mitupu kidogo, pole amezibana kwapani. Akasimama. Hapakuwa na mtu njiani. Akazishusha.

Mguu wa kulia ulipokanyaga ulikuta uzito umeshapungua njiani. Mteremko ambao kwa muda mrefu alikuwa akiushuka kimbavumbavu, ameuma meno, aliushuka uso mbele. Laiti zingekuwa mbaya. Laiti zingekuwa nzito, au zimchubue, angepata hata sababu ndogo ya kukasirika. Alipofika kwenye kibanda cha Thomasi, Thomasi aliinua macho kutoka kwenye soli, akaziona fimbo mbili, akafungua mdomo kwa utani. Akaona uso. Akafunga mdomo, akaendelea na soli yake.

Nice alikuwa amekaa kwenye ngazi na gauni la ibadani, kile kitenge kipya amekikunja magotini. Watoto walikuwa ndani, kimya cha watoto walioambiwa wanyamaze. Mezani, kupitia mlango, ilionekana keki ndogo ya dukani ambayo haijakatwa. Nice alikuwa ameshapigiwa simu. Kikwe si mbali kwa simu.

Elinami akasimama mbele yake. Alianza kusema habari za sweta. Aliishia katikati.

"Ulipofika kwa Krunal ulimwambia wewe ni kaka yangu," Nice akasema. "Alinipigia leo kuniuliza kama kaka yangu amezipenda."

Elinami akazitazama ncha za pole.

"Ulipoanguka watu wote walikuja kukupa pole. Hata Thomasi alileta sukari. Mimi peke yangu sikuwahi kukuambia, unajua? Nilikuwa nahangaika na hospitali, nikitoka hapo nahangaika na kazi. Ningekaa nikakupa pole ningelia, na kulia nilikuwa sina muda. Nikasema yangu nitakupa siku nimetulia. Nitaichagua vizuri."

Simu ikalia mapajani mwake, mlio wa ujumbe. Akausoma kwanza peke yake. Kisha akausoma kwa sauti, bila kupandisha wala kushusha, kama anasoma matangazo kanisani. Ulikuwa wa Abdiel. Elinami aje Jumatano kama walivyopatana, aliandika, kazi ni kazi. Ila Nice apumzike safari hii, na ijayo pia, mpaka nyumbani kwake kutulie. Amemweka Sifaeli nafasi yake. Amsamehe, Irine hajala tangu asubuhi.

"Irine hakuwa na wivu na mimi," Nice akasema. "Tumekula naye sahani moja. Asubuhi ulitoka hapa na pole mbili na wivu wako. Pole umerudi nazo. Wivu umeuacha Kikwe."

Elinami alisema hatakwenda. Atampigia Abdiel, atarudi Kikwe, atapiga magoti mbele ya Irine na wale mama wa jumuiya, goti bovu na goti zima. Jumatano aende nani, aende Nice, yeye hastahili. Alisema mengi na yote alikuwa anayamaanisha. Nice alimwacha amalize.

"Kwa Irine utakwenda, hilo ni lako. Na Jumatano utakwenda. Ada ya Anande haijui nani alimwonea nani wivu."

Akainuka. Akiwa juu ya ngazi na yeye chini, walikuwa wamelingana kimo kwa mara ya kwanza tangu lile tofali la harusi. Akazichukua pole mikononi mwake. Njiani moja ilikuwa imeteleza kidogo; akafungua klipu, akairudisha kwenye rangi nyekundu, akaifunga, akaigonga kwenye saruji asikie kama inatikisika. Haikutikisika. Alikuwa hajamtazama mumewe usoni hata mara moja. Kisha akamtazama, macho makavu, akamnyooshea zote mbili, mipini mbele.

"Pole, Baba Anande."

Alitaka kumwambia samahani. Alilitafuta neno akalipata, likafika kwenye ulimi. Lakini mtu akipewa pole jibu lake ni moja, tangu utoto jibu ni hilo moja, na mdomo wake ulilitoa wenyewe.

"Asante," Elinami akasema, akazipokea.